Mjomba alishinda tuzo, runinga ikatuonyesha sabuni

Nililipa shilingi 300 kutazama tuzo za muziki moja kwa moja kwenye programu ya simu ya kituo kimoja cha runinga hapa Nairobi. Picha safi, sauti safi, haikukwama hata mara moja. Kwa hilo nawapa nyota mbili, nisije nikaambiwa nina chuki.

Sasa nisikilizeni. Mjomba wangu anapiga gitaa la benga tangu sijazaliwa. Safari hii aliteuliwa kwenye kitengo cha muziki wa asili (jina hilo lenyewe linaniudhi, lakini tuliache). Tulimpigia kura kwa ujumbe wa simu wiki nzima hadi salio likaisha, wengine wakakopa. Usiku wenyewe tulijaa sebuleni kwa mamangu, mtaa wa Umoja, watu kumi na wanne, simu imeunganishwa na runinga, viti vimeazimwa kwa jirani. Mama alikuwa anasukuma chapati tangu saa tisa.

Kama saa nne hivi mtangazaji akasema, "Tukirudi, muziki wa asili!" Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Yakaja matangazo ya biashara: sabuni, unga, mikopo, sabuni tena. Tuliporudi, jukwaa limejaa moshi na kijana mmoja anaimba wimbo uleule aliofungulia sherehe. Sina ugomvi na huyo kijana, gengetone, muziki wa vijana wa Nairobi, naicheza hata mimi. Lakini chini ya skrini, kwenye ule utepe mwembamba wa habari, yakapita maneno: mshindi wa muziki wa asili, kisha jina la mjomba, limekosewa herufi mbili. Liliingia kulia likapotelea kushoto kabla mama hajavaa miwani.

"Limesema nini?" akauliza.

Ndivyo alivyojua kuwa kakake ameshinda.

Kesho yake nikapiga simu huduma kwa wateja. Baada ya kusubiri sana akapokea kijana, nikamweleza taratibu, bila matusi. Akanikatiza: "Lakini si jina lilipita? Hizo za wazee huwa tunazimaliza wakati wa matangazo." Hizo za wazee! Kura za hao wazee mlizipokea, pesa zake mkala, ila sura zao ndizo zinawaharibia kipindi?

Na huyo kijana anajua anachokiita cha wazee? Vidole vya mpiga benga vinaifuata nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, nyuzi zinaruka na kujibizana, na mwimbaji akinyamaza magitaa yanashika kasi mpaka aliyekaa anajikuta amesimama. D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz walijaza kumbi kwa mtindo huo. Sahani za santuri za benga zilifika mpaka Zimbabwe, na watu wa huko wakauita muziki huo kanindo, kwa jina la Oluoch Kanindo aliyezitoa na kuzisambaza. Benga ilifika Zimbabwe kwa sahani, miaka hiyo. Usiku ule ilishindwa kutoka ukumbini hapa mjini ikafika Umoja.

Kuna mtu ataniambia hata Marekani hufanya hivyo. Kweli. Mwaka 1989 Grammy walitoa tuzo yao ya kwanza ya rap nje ya matangazo ya runinga, na DJ Jazzy Jeff na Will Smith walioishinda wakasusia sherehe. Mwaka 2024 walipoanzisha tuzo ya muziki wa Afrika, Tyla, mwimbaji wa Afrika Kusini, alitangazwa mshindi kwenye sherehe ya mchana, kabla ya kipindi kikuu. Wale angalau wana vitengo vingi mno, na ni wageni kwetu, naweza kuwavumilia. Hapa tulikuwa na vitengo vichache, na wimbo mmoja ukapigwa mara mbili. Muda ulikuwepo.

Nilikuwa nimeamua kuacha zile nyota mbili zikae. Kisha mpiga ngoma wa bendi ya mjomba akanitumia kipande cha video alichorekodi mwenyewe kwa simu, sekunde arobaini hivi, mkono unamtetemeka. Mjomba amevaa suti ya kijivu aliyoichagua kwenye soko la mitumba la Gikomba akaipeleka kwa fundi mara mbili. Anapokea tuzo, anaiweka chini sakafuni polepole, anavua kofia, anaomba kuwashukuru marehemu wenzake wa bendi, anawataja mmoja mmoja. Ukumbi mzima umesimama. Kamera kubwa ya kituo inaonekana pale pembeni, imeelekezwa upande mwingine.

Jumapili alikuja nyumbani na tuzo imefungwa kwenye kitambaa. Hata hajakaa, akamuuliza mama, "Mliniona nikiwataja?"

Mama akamjibu haraka, "Tulikuona, tena vizuri kabisa," akaenda jikoni.

Nyota zangu mbili nazichukua. Sitoi hata moja.