Belleayre, Hunter au ndani ya jumba la maduka? Uzoefu wangu wa kuteleza kwa skii karibu na New York theluji inapogoma

Theluji ya mjini haikwambii lolote kuhusu theluji ya mlimani. Kati ya Februari 2022 na Januari 2024, bustani ya Central Park, katikati ya jiji la New York, ilikaa siku 701 bila kupata hata siku moja yenye inchi nzima ya theluji. Milima ya Catskills, saa mbili na nusu hivi kaskazini kwa gari, iliendelea kupandisha watu kwa lifti katika misimu hiyo. Kwa hiyo mtu akitazama dirishani Manhattan, akaona lami kavu na kuahirisha safari, mara nyingi anaahirisha bure. Na kinyume chake hutokea pia: jiji linaweza kuamka jeupe kumbe mlimani imenyesha mvua juu ya barafu.

Nimeteleza karibu vituo vyote vya skii ambavyo mkazi wa New York anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na msimu ukiwa mkavu nina mpangilio ambao siubadilishi: Belleayre, mlima wa Catskills, katikati ya wiki; Hunter, wa Catskills pia, msimu unapoanza; Mountain Creek, wa New Jersey, jioni baada ya baridi kali tu; na Big SNOW, ule mteremko wa ndani ya jumba la maduka, kukiwa na mvua kila mahali. Walioteleza miaka mingi zaidi yangu watabisha kuhusu Windham, mlima mwingine wa Catskills; wabishe tu.

Mwaka wa uhaba, unachonunua kwenye tiketi ni theluji ya mashine. Mizinga hurusha maji na hewa iliyoshindiliwa, matone yanaganda angani na kutua yakiwa chembe ndogo ngumu. Hewa yenyewe lazima iwe baridi na iwe kavu, ndiyo maana wenye vituo huangalia kipimo kinachounganisha joto na unyevu. Kikishuka chini ya takriban nyuzi 28 za Farenhaiti, yaani 2 hivi chini ya sifuri kwa Selsiasi, mizinga huwashwa, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo theluji inavyotoka nyingi na nzuri. Usiku wa nyuzi 32 kwenye kipimajoto cha kawaida, hewa ikiwa kavu, unaweza kutoa theluji, ilhali usiku wa nyuzi 30 wenye ukungu ukaishia kurusha maji tu. Tangu nilipoelewa hilo nimeacha kusoma utabiri wa theluji. Nasoma utabiri wa saa kwa saa wa idara ya hali ya hewa ya taifa, ambao unaweza kubofya ramani ukapata wa mlima wenyewe, na natafuta usiku mbili tatu mfululizo za baridi kavu. Nikiziona, naenda, hata kama hakuna wingu angani.

(Teknolojia hii ni ya hapahapa jirani. Mizinga ya kwanza ilibuniwa Connecticut mwaka 1950, na mwaka 1952 hoteli ya Grossinger's huko Catskills ilikuwa tayari inawatengenezea wageni wake theluji.)

Hunter ndio mlima uliojijengea jina kwa mashine. Tangu 1980 umekuwa ukijivunia mizinga kwenye njia zake zote, na mwanzoni mwa msimu, Novemba mwishoni au Desemba, hilo linaonekana: mara nyingi unakuwa na njia inayotoka kileleni hadi chini, futi 1,600 za kushuka, wakati wengine bado wanafungua vilima vya kujifunzia. Theluji yake huwa nene na imara. Tatizo ni kwamba sisi sote tunajua hivyo. Njia mbili zikiwa wazi Jumamosi, jiji zima limo kwenye njia hizo mbili, kuanzia vijana wanaoshuka kama mawe hadi wanaojifunza kusimama. Kufikia saa tano theluji ya juu imekwanguliwa na kubaki barafu inayong'aa. Hunter nakupendekezea Jumanne. Jumamosi ya uhaba, kama huna pasi ya Epic (tiketi ya msimu mzima inayotumika kwenye milima mingi) iliyokwisha kulipiwa, sikushauri.

Belleayre hauna sifa hiyo, na mimi ndio naupenda zaidi. Ni mlima wa serikali ya jimbo. Misitu ya umma ya Catskills inalindwa na katiba ya New York isikatwe, hivyo ilibidi katiba yenyewe irekebishwe mwaka 1947 ndipo njia za kuteleza zipasuliwe, na watelezaji wakaanza kupandishwa 1949. Historia hiyo ina faida moja kwa mtelezaji wa leo: hakuna mji wa nyumba za wikendi uliojengwa miguuni pa mlima, kwa hiyo siku za kazi hapana msongamano. Lakini sababu halisi ya kuuchagua theluji ikipungua ni umbo lake. Sehemu ya chini ya Hunter iko futi 1,600 juu ya usawa wa bahari, ya Belleayre iko karibu futi 2,025. Tofauti hiyo ni ndogo ukiisoma, ila siku ya mvua ya nyuzi 34 za Farenhaiti inaweza kuamua kama utashuka juu ya theluji au juu ya uji. Halafu mlima wenyewe ni kama umegawanyika: juu kuna mwinuko wa kweli, chini kuna eneo tambarare la wanaojifunza, na lifti za juu huanzia karibu na jengo la mapumziko la Overlook Lodge, katikati. Nikishafika huko naweza kuzunguka juu kutwa nzima bila kugusa theluji mbovu ya chini. Wanaojifunza nao wanabaki na uwanja wao, hawatupwi kwenye njia moja pamoja na sisi.

Kasoro? Miteremko ya juu ni mifupi ukilinganisha na ya Hunter, na ukitaka kushuka hadi chini kabisa, ule utambarare utakulazimisha kusukuma kwa fimbo. Wenye ubao mmoja (snowboard) huwa wanavua na kutembea, na hawafurahi.

Windham nao una mashine nzuri na njia zake hulainishwa vizuri. Ni ghali kwa nilichokipata, basi. Plattekill, mlima mdogo wa familia huko Roxbury, uache kwa wiki ambayo mbingu zimefunguka, kwa sababu raha yake ni theluji ya asili.

Mountain Creek, New Jersey, ndio wa karibu kuliko yote haya, na ndio wa chini kuliko yote: sehemu yake ya chini iko kama futi 440 tu. Joto likipanda, hapo ndipo linapofika mwanzo. Hata hivyo wana taa, na jioni ya siku ya kazi, baada ya usiku kadhaa za baridi ya kweli, unaweza kutoka kazini na kuteleza kwa saa tatu ukarudi kulala kwako. Sijawahi kuona sababu ya kwenda pale asubuhi ya Jumamosi yenye joto.

Sasa ripoti za hali ya mlima, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Usidanganywe na idadi ya njia zilizo wazi. Kituo kimoja ambacho sitakitaja kiliorodhesha njia kadhaa, nikaenda, nikakuta ni mteremko mmoja uliokatwa vipande, kila kipande na jina lake. Chini, theluji iliishia kwenye majani na ilibidi tupande lifti kushuka. Tangu hapo naangalia ekari zilizo wazi, naangalia kama kuna njia isiyokatika kutoka kileleni hadi kwenye lifti, kisha alfajiri nafungua mtandaoni kamera za moja kwa moja za mlima. Ukiona utepe mweupe umebanwa na kahawia kila upande, hesabu upana wake kwa watu: wakipita wanne sambamba, bado panafaa.

Na ukiona mvua kwenye utabiri, usikate tamaa haraka. Theluji ya mashine ni nzito na hustahimili mvua ya baridi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kinachoila ni ukungu na upepo wa joto usiku kucha. Mvua ikifuatwa na baridi ya ghafla, hapo ndipo asubuhi unakuta kioo. Siku kama hiyo mimi hungoja hadi saa nne au saa tano, jua lilegeze kidogo, ingawa kwa kawaida nataka kuwa kwenye lifti inapofunguliwa.

Big SNOW ni jambo jingine kabisa: mteremko wa ndani, kwenye jumba la maduka la American Dream huko East Rutherford, uliofunguliwa Desemba 2019. Joto huwekwa kwenye nyuzi 28 za Farenhaiti mwaka mzima na theluji ni ya kweli. Urefu wa kushuka ni futi 160 hivi, kwa hiyo mtelezaji mzoefu humaliza mteremko kabla hajavuta pumzi mbili. Baada ya saa moja nilikuwa nimechoka kwa kuchoshwa, si kwa kazi. Lakini kwa anayeanza, mwaka ambao milima ina utepe mmoja wa barafu, sijui mahali bora zaidi karibu na jiji: unapewa skii, viatu, kofia ngumu na hata koti, na hakuna mtu anayekuja nyuma yako kwa kasi ya gari. Dada yangu alijifunza kusimama na kukata kona pale Machi, na alipokwenda Belleayre baadaye hakuhitaji kuanza upya.

Kuhusu tiketi, vituo vingi hupandisha bei siku inapokaribia, na dirishani Jumamosi yenye watu unaweza kuvuka dola 100. Wanataka ununue mapema, lakini kununua mapema ndiko kunakokufunga kwenye mlima usio na theluji. Katika mwaka mkavu mimi hununua usiku wa kuamkia safari, siku ya kazi, nikishaona kamera. Kinachozidi bei ninakilipa kwa moyo mweupe.

Kama unakodi skii, kabla ya kuondoka dukani pitisha ukucha kwenye kingo za chuma. Zikikwangua ukucha, zichukue. Zikiteleza tu, omba jozi nyingine, kwa sababu juu ya theluji ya mashine iliyokwanguliwa kingo butu hazikushiki popote. Kama una zako, peleka zikanolewe kabla ya safari, na zile mpya ulizonunua juzi ziache nyumbani hadi Februari, kwani mawe ya Catskills hukaa karibu sana na uso wa utepe ule.