Lenzi ya pili kwa anayeanza kupiga picha: ipi kwanza, ipi isubiri

Kama una Canon au Nikon ya DSLR (kamera ya kioo yenye lenzi za kubadilisha) yenye sensa ndogo ya APS-C, mfano 2000D au D3500, na lenzi ya 18-55mm iliyokuja nayo, kitakachokukwamisha mapema ni mwanga, siyo zumu. Ukiivuta hadi 55mm inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo: ukumbini ambako ungepandisha ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) hadi 6400 na picha ikajaa chenga, unabaki kwenye 640.

1. Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G; kwa Canon, EF 50mm f/1.8 STM

Wengi husifia 50mm kwa kila mtu. Kwenye sensa ndogo inabana. Ili mtu aliyesimama aenee kichwa hadi miguu, kamera ikiwa wima, unarudi nyuma kama mita 4.5. Kwa 35mm ya Nikon ni mita 3. Pima sebule yako ndipo uamue. Mwenye Canon tunampa 50mm kwa sababu 35mm za DSLR za Canon ni ghali zaidi, na kwa picha za uso hiyo 50 haimwangushi mtu. Ukiikuta ya zamani, toleo la II, jua kwamba sehemu inayoingia kwenye bodi ya kamera ni ya plastiki na mota yake ina kelele. Kwenye STM sehemu hiyo ni ya chuma.

Kosa la kila anayeanza ni kuiacha kwenye f/1.8 muda wote. Ukiwa mita 1.5 kutoka kwa mtu, eneo linaloonekana kali kwa 50mm halizidi sentimita 6 hivi: jicho safi, sikio limeshapotea. Bwana na bibi harusi wakikaa mmoja mbele kidogo ya mwenzake, mmoja atatoka na ukungu. Funga hadi f/4, rudi mita 3, unapata kama nusu mita.

2. Canon EF-S 24mm f/2.8 STM

Ni nyembamba, haifiki sentimita 2.5, na inafokasi kwa ukaribu hadi sentimita 16. Kwa vyumba vidogo, vyakula na bidhaa za dukani inafaa kuliko 50mm. Inashika nafasi ya pili kwa sababu f/2.8 inaingiza chini ya nusu ya mwanga wa f/1.8.

3. Canon EF-S 55-250mm IS STM

Mahafali uwanjani, mpira, ndege. Mchana tu, maana haiingizi mwanga mwingi. IS ni kituliza mtikisiko.

Mwisho kabisa: Canon EF 75-300mm III

Huuzwa sana kwenye vifurushi vya lenzi mbili, na namba 300 inawavutia watu. Haina kituliza mtikisiko. Ukiivuta hadi mwisho unahitaji kasi ya shata ya 1/500 au zaidi, na taa za ukumbini haziruhusu. Picha zinatoka zimetikisika, halafu lawama anabebeshwa mpigaji.

Kabla ya kulipa, mwenye Nikon D3000 na D5000 na warithi wake asome herufi kwenye lenzi. Bodi hizo hazina mota ya fokasi, hivyo 50mm f/1.8D, inayouzwa rahisi, itakulazimu kufokasi kwa mkono. Tafuta AF-S, yenye mota ndani yake.

Kwa lenzi ya mtumba, toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili ukiigeuza taratibu. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi. Irudishe hata ukipunguziwa bei. Kisha ifunge kwenye kamera, weka f/8, piga ukutani mara kumi kwa mwangaza wa kuweka mwenyewe. Picha moja ikitoka na mwanga tofauti na nyingine, visu vya ndani vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga vinakwama, mara nyingi kwa mafuta.

Fangasi hupenda unyevu, na Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar unyevu haukosekani. Begi la ngozi lililofungwa kabatini ni pabaya kwa lenzi. Nunua kopo la plastiki la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, tia silika jeli ya kubadilika rangi, na rangi ikigeuka ikaushe kabla ya kuirudisha.