Olympus TG-6 kwenye maji ya Mafia: naiamini, lakini si kwa sababu ya mita 15

Msimu wa papa potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, hapa kisiwani Mafia unaanza Oktoba na kwenda mpaka Machi, na kipindi chote hicho kamera yangu iko majini karibu kila siku. Natumia Olympus Tough TG-6, ile iliyotoka mwaka 2019. Nimeitumia misimu kadhaa, kuogelea na snokeli nje ya Kilindoni na kuzamia na mtungi upande wa Ghuba ya Chole. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja tu: haiingizi maji? Haijaingiza. Naiamini. Ila zile mita 15 za kina zilizoandikwa kwenye boksi sizo zinazonipa imani.

Kipimo cha kuzuia maji cha IPX8 ambacho kamera hizi hujivunia hufanywa kwenye maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, na kina na muda wa kukaa majini huamuliwa na mtengenezaji mwenyewe. Kamera inayopimwa ni mpya, mipira inayoziba milango yake bado laini. Bahari haiko hivyo. Unaruka kutoka kwenye boti kamera ikiwa mkononi, inapiga maji kwa nguvu. Kuna chumvi, kuna mchanga, kuna jua la saa sita. Na papa potwe anakula juu juu, mara nyingi hata huhitaji kushuka mita mbili ili umpate vizuri. Kwa hiyo kamera nyingi nilizoona zikifia pale Kilindoni zilikufa kwenye maji ambayo kwa namba za boksi yalikuwa si chochote.

Yangu ya kwanza ilikwenda hivyo hivyo. Ilikuwa ya chapa nyingine, imeandikwa mita 10. Tukiwa juu kabisa ya maji, nikaona picha zinaanza kuwa na weupe kwenye kona moja, halafu kioo cha nyuma kikazima. Kwenye boti nikafungua mlango wa betri: tone moja la maji, na kwenye vibati vya betri tayari kuna kutu ya kijani. Huenda maji yalikuwa yakipenya kidogo kidogo muda mrefu. Mpira wa mlango ulikuwa umekauka, na kwenye kona una ufa mwembamba kama unywele. Waranti ilikuwa bado hai, lakini duka lilikataa kuipokea, wakasema kamera imeharibiwa na maji ya chumvi. Kamera iliyouzwa kuwa ni ya baharini! Jambo hilo bado linaniuma.

Linaniuma zaidi kwa sababu ya picha zenyewe. Kila papa potwe ana mpangilio wake wa madoa, na watafiti wanamtambua kwa picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua. Samaki anapita, una sekunde chache za kuwa upande ule sahihi. Kamera ikigoma hapo, yule samaki anaondoka bila kujulikana kama ndiye aliyekuwepo mwaka jana au ni mgeni.

Sasa turudi kwenye TG-6. Ina milango miwili, wa chini kwa betri na kadi, wa pembeni kwa waya, na kila mmoja una komeo na kufuli yake ndogo. Mlango haufunguki kwa kugusana na mkanda wa jaketi la kuokolea au kwa kubanwa kwenye begi. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kuliko lenzi, kuliko yote. Kabla ya kufunga nauinamisha mlango mpaka mwanga wa jua uupige mpira kwa upande. Ukiutazama moja kwa moja huoni kitu. Kwa upande, chembe ya mchanga inatoa kivuli chake, na uzi wa kanga au unywele unaonekana umelala juu ya mpira. Uzi mmoja tu unatosha kuwa njia ya maji. Naufuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, naangalia tena, ndipo nafunga.

Halafu kuna ukungu. Watu wengi wakiona ukungu ndani ya lenzi wanasema kamera imevuja, kumbe wala. Kamera imekaa juani kwenye boti, ndani yake kuna hewa ya Mafia yenye unyevu, ukiitumbukiza kioo kinapoa ghafla na ule unyevu unajikusanya juu yake. Unavyoepuka ni kutofungua milango kwenye boti kabisa. Betri na kadi nabadilisha asubuhi chumbani, penye kiyoyozi, kwa kuwa hewa yake ni kavu. Safarini kamera inakaa ndani ya ndoo ya maji, kivulini. Tangu nianze utaratibu huu ukungu sijauona.

Kwa kuzamia na mtungi, mita 15 zinakwisha haraka. Mlango wa Kinasi, yaani mkondo wa kuingilia Ghuba ya Chole, kwa mfano, unakupeleka chini zaidi ya hapo kabla hujamaliza kutazama huku na huku. Ukiwa mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, mita 20 ni mara tatu. Kwa hiyo naivika kasha la nje la kuzuia maji, PT-059, ambalo kiwango chake ni mita 45. Faida yake si kina peke yake: mpira wa kasha unautoa mwenyewe, unausafisha, unaupaka grisi ya silikoni kidogo tu, na ukichakaa unaweka mwingine. Na kasha likivuja, bado ndani yake kuna kamera inayozuia maji. Mara ya kwanza nililishusha kasha tupu, bila kamera, nikalipandisha kavu.

Picha zenyewe ni nzuri kwa kamera ndogo. Wekundu unapotea mapema ukishuka, ila mpangilio wa rangi wa chini ya maji unausaidia, na ule wa kupiga vitu vidogo unakuruhusu kusogea mpaka sentimita moja kutoka kwenye lenzi. Maji yakichafuka, kamera yoyote itahangaika, na hii pia.

Mifuko ya plastiki ya kuvalisha simu siishauri kwa mtu yeyote anayeipenda simu yake. Hata simu zilizoandikwa kuvumilia mita 6 kwa nusu saa zimekusudiwa ajali, si kazi ya baharini.

Nikirudi nchi kavu, kamera inaloweshwa kwenye beseni la maji ya bomba, milango imefungwa, na namo humo nabonyeza vitufe vyote ili chumvi itoke. Siimwagii maji ya bomba yenye kasi. Nakausha kwanza, ndipo nafungua.

Manung'uniko yangu kwa TG-6 ni haya: mtengenezaji anashauri mipira ya milango ibadilishwe kila mwaka, lakini huwezi kuibadilisha mwenyewe, lazima ipelekwe kwa fundi wake. Kwa mtu wa London hilo ni jambo la posta. Kwetu kisiwani kamera inaondoka kwa wiki nyingi, kwa hiyo mimi naituma Aprili, wakati wa mvua za masika, papa wakiwa wamepungua, ili Oktoba iwe imesharudi. Mrithi wake, TG-7 ya mwaka 2023, ni wa mita 15 vilevile. Kama unanunua leo, kabla ya kulipa muulize muuzaji kamera itatumwa wapi kubadilishwa mipira, na nani atalipa nauli.