Jina la .co.ke kwa nyumba yangu ya wageni: nyota nne

Nina nyumba ndogo ya wageni Watamu, na jina la tovuti yake nimelichukua kwa msajili mmoja wa Nairobi. Majina yote ya .ke yako chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya tovuti ya Kenya, ila mteja wa kawaida hulipata kupitia wasajili kama hawa. Nililipa kwa M-Pesa, jina likawa tayari muda huohuo. Hapo sina neno.

Lakini matangazo yao yanasema "nunua jina", na hununui. Unalikodi kwa mwaka. Usipolipia tena, mwisho wake linaachiliwa na yeyote anaweza kulichukua. Tena jina peke yake si tovuti, kazi yake ni kuonyesha njia tu. Mgeni wangu akiwa Milano akiandika anwani yangu, seva ya kampuni yake ya intaneti, kama haina jibu tayari, huanzia kwenye seva za mizizi, zilizo juu kabisa katika mfumo wa majina. Hizo huielekeza kwa seva za .ke, nazo huitajia seva zinazoshika rekodi za jina langu, na hapo ndipo inapopata namba ya IP ya kompyuta yenye tovuti. Yote hayo kwa kawaida hayafiki sekunde moja.

Faida yake niliiona nilipohamishia tovuti kwa kampuni nyingine yenye bei nafuu. Jina halikuhama. Dada wa huduma kwa wateja wa msajili wangu (mvumilivu kweli, na Kiswahili chake kitamu) alinishauri siku moja kabla nishushe TTL, yaani muda ambao seva nyingine huhifadhi jibu, kutoka sekunde 86400 hadi 300, ili seva za huko nje zisikae kutwa nzima na jibu la zamani. Kisha tukabadilisha rekodi ya A pekee, ile inayotaja namba ya IP ya tovuti. Zile za MX, zinazopeleka barua pepe, hatukuzigusa, na maombi ya vyumba yaliendelea kuingia kama kawaida. Kwa kazi hiyo pekee wanastahili sifa.

Nyota ya tano nimewanyima kwa jambo hili: nilipotazama WHOIS, yaani kumbukumbu zinazoonyesha nani amesajili jina, mwenye jina aliandikwa kampuni yao, si mimi. Walirekebisha, lakini baada ya kuwapigia simu mara kadhaa, na hakuna aliyenieleza kwa nini ilikuwa hivyo. Kwangu hilo si dogo. Siku mkikosana, anayetambulika ni yule aliyeandikwa. Ukisajili, angalia rekodi hiyo mapema, na barua pepe ya akaunti iwe yako mwenyewe, si ya fundi aliyekutengenezea tovuti.

Nimeongeza na .com ya maneno yaleyale, kwani wageni wa nje huandika .com bila kufikiri. Hiyo iko chini ya kampuni ya Verisign ya Marekani, kwa hiyo ni jina jingine kabisa lenye ada yake, na kuwa na .co.ke hakukupi haki yoyote juu yake. Nilibahatika kulikuta wazi.