Katambuga kwenye mwamba wa Coco Beach: tairi halina shida, shida ni misumari

Kwa matembezi ya kutwa jijini Dar es Salaam, kuanzia Daraja la Tanzanite hadi Coco Beach, kisha kuambaa na mwamba chini ya barabara ya Toure kuelekea Masaki, katambuga, viatu vya wazi vya tairi la gari, zinaishinda raba ya bei mbaya. Ila si katambuga zozote.

Darajani ni kilomita 1.03 za lami na upepo, hata ndala zinatosha. Mtihani unaanza mchanga unapokwisha. Mwamba ule ni matumbawe ya kale yaliyoliwa na maji yakabaki ncha tupu, na makombe ya chaza yaliyoganda juu yake yanakata kama wembe. Yeboyebo zinachanika soli. Raba ya kitambaa inaloa, inabeba mchanga, na unyayo unachubuka. Tairi halina habari: maji yanaingia na kutoka, ncha haipenyi.

Linaposhindwa ni kwenye utelezi, ule ukijani unaoota sehemu zinazofunikwa na maji kila siku. Hapo tairi kipara ni sabuni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, geuza kiatu: mifereji ya tairi iwe bado inameza ukucha. Halafu tazama ukingo uliokatwa. Ukiona vidoa vinavyong'aa, hilo ni tairi la waya, liache. Waya ukichomoza unachana kifundo cha mguu wa pili kila unapopiga hatua. Mwisho tia mkono ndani, pitisha kidole gumba juu ya kila msumari wa ukanda. Ncha inayokwaruza kidole dukani itakuwa kidonda kabla hamjafika Masaki.

Usidanganywe kwamba zitatanuka, tairi halitanuki. Acha nafasi ya kama sentimita moja mbele, maana vidole vikitokeza ndivyo vitakavyogonga jiwe. Mikanda ya tyubu ni laini kuliko ya tairi, lakini mchanga ukijibana chini yake unatafuna ngozi vilevile. Dawa ni soksi nyepesi. Wenzako watacheka mpaka saa sita, kisha watakuomba.

Hakuna kiatu cha kuokoa kundi lililokosea saa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar hupwa kabisa kwenye saa nne, saa nne na nusu asubuhi, na hujaa saa kumi jioni. Kati ya kupwa na kujaa ni zaidi ya mita 3. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Bamvua yenyewe, muwe mwambani kati ya saa tatu na saa tano, kisha mpande barabarani, kwani maji yakirudi yanagonga ukuta na mwamba haupandiki popote mtakapo. Mwendo apange anayekwenda polepole kuliko wote, ambaye kwa kawaida ni yule aliyekuja na ndala.

Mkirudi Coco kwenye mihogo ya kukaanga, suuzeni katambuga kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi. Chumvi hailiwezi tairi, inakula misumari. Duara la kutu kuzunguka kichwa cha msumari ni dalili kwamba ukanda u karibu kung'oka, na wa kisigino ndio hutangulia. Mpe fundi viatu autoe msumari huo na ashone kwa uzi wa nailoni.