Shokapu ya Nyuma ya Pikipiki ya DR650: Kabla Hujauliza Bei, Uliza Kama Inafunguka

Mwaka jana nilitoa laki tatu na nusu nikanunua shokapu iliyokufa kabla masika hayajaisha. Nasema iliyokufa, si iliyochakaa. Iliyochakaa unaipeleka gereji, inarudi. Hii fundi aliishika, akaifuta oili kwa kitambaa, akachungulia pale shafti inapoingia kwenye bomba, kisha akanirudishia kama anayekurudishia simu iliyoingia maji.

"Dada, hii haifunguki."

Nikamwambia aifungue hivyo hivyo. Nitafika huko.

Mimi nauza dawa za mifugo. Nakaa Arusha, na njia zangu ni Longido na Ketumbeine, au kushuka Mto wa Mbu kupita Engaruka mpaka Engaresero, kule chini ya Ol Doinyo Lengai. Pikipiki yangu ni Suzuki DR650SE ya mwaka 1998. Suzuki waliitoa umbo hili mwaka 1996 na tangu hapo hawakuigusa sana: injini ile ile ya silinda moja, cc 644, inapozwa kwa hewa na oili. Ndiyo raha yake, spea ya mwaka huu unaiweka kwenye pikipiki ya zamani na inakubali. Kasoro aliyozaliwa nayo ni springi laini. Nadhani kiwandani walimfikiria mtu mwembamba anayetoka matembezi Jumamosi. Mimi nina kilo 68, na keria ikishajaa boksi za dawa, maji na vifaa, ongeza 40.

Mwenye XR250, Djebel au DT ya zamani asiache kusoma. Kipimo cha milimita kitabadilika, ila nitakachosema kuhusu sili, ile raba inayozuia oili isitoke, ni kile kile.

Kwanza pima, kabla hujamsikiliza muuzaji yeyote. DR650 haina stendi ya katikati, kwa hiyo ipandishe juu ya kreti za soda mpaka gurudumu la nyuma lining'inie. Chukua futikamba, pima toka kwenye ekseli kwenda juu wima mpaka alama utakayoiweka ubavuni. Kisha ishushe chini, panda na mzigo wako wote, koti, kofia, kila kitu. Mmoja ashike usukani, mwingine apime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mzamo wako. Gurudumu la nyuma la DR650 lina safari, yaani umbali linaoweza kupanda na kushuka, ya milimita 260, na mzamo unaofaa ni kama theluthi yake, yaani 85 hadi 90. Mimi nilipata 118. Karibu nusu ya safari ilikuwa imeshaliwa na pikipiki haijawaka.

Hapo fundi wengi watakuambia wakukazie ile ringi iliyo juu ya springi. Ikazwe, sawa, lakini jua kinachofanyika: pikipiki inainuka, springi inabaki laini vile vile. Ukilazimika kuikaza mpaka mwisho ndipo upate theluthi yako, unahitaji springi nyingine. Kwisha.

Mambo mengine yanayoandikwa kwenye matangazo, vitufe vya kurekebisha, rangi, sijui mashindano gani walishinda, utayasoma kwingine. Mimi nina swali moja, na sijawahi kumsikia mnunuzi hata mmoja akiliuliza dukani: inafunguka?

Shokapu ni vitu viwili. Springi inabeba mzigo, oili inaituliza springi isidunde. Springi nzuri itakuzika. Oili na sili ndivyo vinavyokufa, na vinakufa kwa kila shokapu duniani, ya bei yoyote. Shafti ile inayong'aa inaingia na kutoka kwenye mdomo wa raba siku nzima, na gurudumu la nyuma liko hapo hapo linaitemea matope. Vumbi la Engaresero ni jivu la volkano. Ukilishika ni laini kama sembe, lakini kwenye shafti ni msasa. Siku moja unaona mstari mwembamba wa oili, vumbi limenata juu yake likawa kama ugoro uliolowa. Ukisubiri, oili inaisha. Barabara ikiwa na makunyanzi kama mabati, shokapu inapata moto, oili kidogo iliyobaki inakuwa nyepesi kama maji, na ukitoka kwenye shimo pikipiki inakurusha mara tatu wakati ilitakiwa kurudi mara moja na kutulia. Na kwenye keria kuna chanjo kwenye chupa za vioo.

Dawa ya hayo yote ni raba ndogo usiyoweza kuijaza hata kiganja, oili mpya na gesi. Kama inafunguka. Kama haifunguki, unatupa chuma kizima, springi nzima, kila kitu, kwa sababu ya raba.

Namna ya kuitambua ukiwa dukani: ivute ile raba iliyovaa shafti kuizuia shokapu isigonge mwisho, tazama mdomo wa bomba. Shokapu inayofunguka ina kifuniko kilichoshikwa na ringi ya waya ndani ya mfereji, au kina nyuzi na matundu ya kuingiza spana. Isiyofunguka, mdomo umekunjwa kwa ndani pande zote kama kopo la maziwa. Halafu tafuta valvu ya gesi. Nyingi zinafanana na valvu ya tairi, nyingine zina kizibo cha raba chini ya skrubu. Ndani yake kunakaa naitrojeni kwa presha ya bar 10 hivi, karibu mara tano ya upepo wa tairi, ili oili isitoe povu inaposukumwa kwa kasi. Pasipo pa kujazia gesi, hapajawahi kufikiriwa siku ya kuijaza tena.

Na usidanganywe na kichupa cha pembeni, kile kinachotakiwa kubeba gesi. Mimi ndicho kilichoniponza. Ile yangu ya laki tatu na nusu ilikuwa na kichupa cha pembeni, chekundu, kimeandikwa gesi, na mrija wa chuma uliosukwa ukiungana na bomba kubwa. Fundi alipoipiga msumeno tulikuwa watu wanne tumeinama juu ya meza ya gereji. Kwanza bomba: oili kidogo, nyeusi, inanuka kuungua. Kisha kichupa. Msumeno ukapita, kikaachana vipande viwili, na ndani hamkuwa na kitu. Si oili, si mpira wa gesi, hata unyevu. Pakavu kama kibuyu kilichoning'inizwa jikoni. Fundi akauchomoa ule mrija, akanionyesha ncha yake. Ilikuwa bolti, haina tundu. Pambo! Kijana mmoja wa gereji alicheka mpaka akakaa chini, nami sikumlaumu.

Sasa chaguo zenyewe kwa mpangilio wangu, na mpangilio ni wangu.

Ya kwanza ni YSS ya Thailand. Naipendelea wazi na hakuna aliyenihonga. Wapo tangu 1983, wanatengenezea pikipiki nyingi ambazo wakubwa wa Ulaya hawazitaki, na zile zenye gesi za pikipiki kama hii zinafunguka: ringi ipo, valvu ipo, sili zinauzwa kivyake. Bei iko karibu na nusu ya ile ya wenye jina. Kitu kimoja tu, usiagize kwa jina la pikipiki peke yake. Andika uzito wako ukiwa umevaa, andika mzigo wa keria, andika kama unabeba mtu, ili wakupe springi yako. Aliyenunua bila kutaja uzito akaja kulalamika kuwa imelala, nimemuuliza: ungemwambia fundi cherehani akushonee gauni bila kukupima? Yangu niliifunga mwezi wa nane. Kwa mzigo ule ule nazama 88. Ile njia ya Mto wa Mbu bado ni mbaya, lakini sasa nakaa kwenye kiti, sisimami kama kondakta.

Ya pili ni kutonunua shokapu kabisa. Shokapu ya kiwandani ya DR650 inafunguka, na mtu mkweli kuliko mimi angeiweka namba moja. Race Tech wa Marekani wanauza vipuri vya ndani na springi ngumu zaidi, Hyperpro wa Uholanzi wanauza springi inayokuwa ngumu kadiri inavyobanwa. Springi mpya, sili mpya, oili mpya, na hela inabaki. Sharti moja: shafti iwe safi. Pitisha ukucha taratibu toka juu hadi chini. Ukucha ukikwama hata mara moja, kromu imetoboka, na sili mpya utakayoiweka hapo italiwa. Yangu ilikuwa na vitundu vya kutu saba, nilivihesabu, ndiyo maana nilianza kuhangaika madukani.

Ya tatu, Moab ya Cogent Dynamics wa North Carolina. Hawa wanaijua DR650 na KLR650 kama wamezizaa, na shokapu inajengwa kwa uzito wako. Ningekuwa naishi karibu nao ningeipandisha. Siishi karibu nao.

Ya nne ni Öhlins, Waswidi, tangu 1976. Nimewahi kuipanda kwenye pikipiki ya mtu na sikutaka kushuka. Inafunguka kila kona. Lakini ukikuta ya mtindo wako, bei inasogelea ile ya bodaboda mpya, na ile rangi ya dhahabu inamwita mwizi toka ng'ambo ya barabara. Wilbers wa Ujerumani waweke hapo hapo kwa sababu hizo hizo, ukiondoa dhahabu.

Za bei poa zisizo na jina: umeshasoma habari ya kichupa.

Hela ikishapatikana, usifunge kitu kipya kwenye linki kavu. Shokapu ya DR650 haishiki gurudumu moja kwa moja, inapitia vyuma vya linki vyenye beringi za sindano, na hizo ndizo zinazosahaulika kuliko zote kwa sababu ziko chini, zimefunikwa na tope la cheni. Tulipozifungua zangu, bushi moja ilitoka kwa nyundo, nyekundu kwa kutu, na sindano zikamwagika mezani kama mtama. Linki iliyoganda hata Öhlins haiiokoi. Beringi mpya, grisi ya kutosha, na kila baada ya masika unafungua tena. Ukiwa hapo chini, angalia kile kipande cha raba kinachoning'inia kati ya tairi na shokapu. Kama kimekatika, kata kingine kwenye mpira wa tairi la lori, toboa, funga. Kinalinda sili yako bure.

Gesi nayo: usikubali kujaziwa upepo wa kompresa, hata fundi akiapa. Una unyevu, na unyevu ndani ya shokapu ni kutu. Wale wanaojaza naitrojeni kwenye matairi ya gari mara nyingi presha yao haifiki. Tafuta mwenye mtungi na regileta.

Kuhusu wauzaji, naomba nipumue kwanza. Kila kitu mjini ni orijino. Unauliza orijino ya nani, unaambiwa "orijino Japani", na stika ya Japani ina herufi zilizokosewa. Nilirudi kwa yule aliyeniuzia nikiwa na vipande viwili vya kichupa ndani ya mfuko wa rambo. Alivitazama muda mrefu, akaniambia, "Mama, hapa umeshaikata, ningekubadilishia." Risiti ilikuwa na maneno ya chini, madogo: bidhaa ikitoka haipokelewi. Angebadilisha nini, sijui.

Kuagiza nje nako kuna kilio chake. Maduka mengine ukifika kwenye kuchagua nchi, Tanzania haimo, unaona Tajikistan kisha Thailand. Yakikubali, shokapu ni chuma, nauli ya ndege inahesabiwa kwa kilo. Mzigo ukifika, ushuru unapigwa juu ya bei pamoja na nauli, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo yote, ushuru ukiwemo. Maana yake unalipia kodi ya kodi. Halafu wakala wa kutoa mzigo ana "gharama ndogondogo" ambazo ukimwomba aziandike kwenye karatasi zinapungua zenyewe. Mwombeni aandike.

Kwa sababu ya nauli hiyo, siku unayoagiza shokapu agiza na sili zake mbili kwenye boksi lile lile. Hazina uzito, na baada ya miaka miwili zitakuwa zinakuja peke yao kwa nauli inayozidi bei yake. Mwambie muuzaji akuandikie namba ya sili kwenye risiti. Akishindwa kuitaja, hiyo shokapu haifunguki, hata aseme nini. Zangu ziko kwenye kopo la Africafe kabatini, kwenye nailoni, nimeandika juu kwa kalamu nene "SI VIFUNGO" maana mama mkwe alishataka kuzishonea.