Bahasha ina namba, hitaji la maombi halina: tathmini ya sadaka, diakonia na maombezi katika sharika za KKKT

Bahasha yenyewe ni ndogo, ya kaki au nyeupe. Mbele imechapwa namba ya msharika, jina, jumuiya na mwaka, halafu mistari ya kujaza kiasi: ahadi, jengo, shukrani, fungu la kumi, diakonia (huduma kwa wahitaji). Katika sharika zilizounganisha sadaka na maombi, chini kabisa, palipobaki nafasi kama ya kidole gumba, pameandikwa "Hitaji la maombi". Fedha imepewa mistari mitano, maombi mstari mmoja usiofika hata ukingoni. Ukitaka kujua huduma hii inafanya kazi vipi, anza kwa kuitazama karatasi hiyo.

Tathmini hii ni ya utaratibu unaokutwa, kwa tofauti ndogo ndogo, katika sharika za mjini za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Haihusu usharika mmoja.

Tuanze na bahasha, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyokomaa. Ziko za aina mbili. Kuna fungu la bahasha 52, moja kwa kila Jumapili, na kuna bahasha moja ya mwaka mzima yenye jedwali mgongoni, ambayo mhazini huitia saini na kumrudishia mwenyewe. Ya pili ni nafuu kuchapa, ila kura yangu inakwenda kwa ya kwanza. Bahasha ya Jumapili hubaki ofisini kama ushahidi, na mkaguzi akija anaikuta. Ile ya mwaka inalala nyumbani kwa msharika, kwa hiyo daftari likikosewa ushahidi uko kabatini kwake, na kwa kawaida Kwaresima haijaisha imeshachanika pembe.

Namba ina kazi kubwa kuliko jina. Orodha ya ahadi inayobandikwa ubaoni kwa namba inamwezesha kila mtu kukagua mstari wake bila kumjua jirani katoa ngapi. Usharika unaobandika majina na viwango umeharibu kitu kizuri kwa mikono yake. Kosa la msharika ni kuacha namba wazi. Bahasha isiyo na namba wala jina huingizwa kwenye sadaka ya kawaida, na Desemba mtu anakuta miezi mitatu haipo, anaanza kunung'unikia wazee.

Kuhesabu ndiko kunakopambanua usharika makini na usharika wa bora liende. Ibada ikiisha, wazee wa zamu hubeba vikapu mpaka ofisini. Wasipungue watatu, wasiwe wa nyumba moja, na mhazini asiwe mmoja wao: yeye hupokea, hahesabu. Fedha huru, yaani isiyo kwenye bahasha, huhesabiwa kwanza na kutiwa saini kabla bahasha hata moja haijafunguliwa, vinginevyo vitachanganyika. Kisha bahasha, moja moja. Wa kwanza anasoma kiasi kilichoandikwa nje, wa pili anahesabu kilichomo, wa tatu anaandika. Nje ikisomeka 20,000 na ndani ikatoka 10,000, kinachoandikwa ni kilichomo, kwa kalamu ya wino, juu ya bahasha ile ile, na wawili wanatia saini. Mwenyewe apigiwe simu siku hiyo hiyo. Ikipita wiki, hiyo si tofauti tena, ni ugomvi.

Kabla ya kumshuku mtu, bahasha iinuliwe kwenye mwanga. Noti ya elfu kumi iliyokunjwa mara nne hunata kwenye gundi ya mdomo wa bahasha, hasa msimu wa joto la Dar es Salaam, na bahasha ikitikiswa haitoki. Sharika zenye akili hupasua bahasha ubavuni kwa mkasi badala ya kubandua mdomo.

Fomu ya hesabu igawanywe kwa noti: 10,000, 5,000, 2,000, 1,000, halafu sarafu: 500, 200, 100, 50. Jumatatu asubuhi fedha yote iende benki, bila kupunguzwa hata ya soda ya wageni. Kutumia fedha mbichi, yaani ambayo haijafika benki, ndiyo hoja ya ukaguzi inayojirudia kuliko zote, na mara nyingi hakuna mwizi. Kuna fundi bomba aliyelipwa Jumapili jioni kwa nia njema, bila hati.

Desturi hii ya kutomwachia mtu mmoja kasha si ya jana kwa Walutheri. Mwaka 1523 mji wa Leisnig, huko Saxony nchini Ujerumani, ulianzisha hazina ya pamoja ya kanisa na wahitaji, na Martin Luther mwenyewe akaandika utangulizi wa kanuni zake. Wasimamizi walikuwa 10, wa kuchaguliwa, kutoka makundi manne: makabaila, halmashauri, wenyeji wa mji na wakulima. Kasha lilikuwa na kufuli nne tofauti, kila kundi likishika ufunguo wake. Linganisha na mhazini wa leo mwenye namba ya siri ya simu kichwani mwake peke yake.

Hapo ndipo lipa namba, ile namba ya kupokea malipo kwa simu, inapoingia, na alama zinaanza kushuka. Kutoa kwa M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine ni rahisi, na wengi sasa hawatembei na noti. Shida ni kwamba ujumbe unaoingia unaleta jina lililosajili laini, kiasi na kumbukumbu namba ya muamala. Hauleti namba ya bahasha, wala hausemi ni jengo au ni diakonia. Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mtoto au la mume, basi mhazini anabaki kubahatisha. Dawa yake haigharimu kitu: ukishalipa, chukua bahasha yako, jaza mistari kama kawaida, andika kumbukumbu namba ya muamala mahali pa noti, uitupie kikapuni. Bahasha tupu yenye namba hiyo inahesabiwa kama yenye fedha, na mwisho wa mwezi inalinganishwa na taarifa ya miamala. Mtoaji aliye nje ya nchi afanye vivyo hivyo kwa kuandika namba ya bahasha kwenye maelezo ya uhamisho wa benki.

Sharti moja halina mjadala: lipa namba isajiliwe kwa jina la usharika, na jina hilo ndilo litokee kwenye simu kabla hujathibitisha malipo. Likitokea jina la mtu, ghairi. Hata kama mtu huyo ni mzee wa kanisa na kila mtu anamwamini.

Mnada ni habari nyingine. Baada ya ibada ya pili, mazao yaliyoletwa sadakani yanauzwa nje: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Dalali anapandisha kwa kushindanisha jumuiya, "elfu kumi na tano, Bethania wamesema ishirini, Galilaya mko wapi?" na trei ya mayai 30 inapita bei ya soko mara mbili au tatu. Mnunuzi akisema "narudisha", jogoo yule yule anauzwa upya. Wapo waliouzwa mara tatu wakarudi bandani. Kama njia ya kuchangisha hakuna inayoifikia, na watu wanacheka. Ila mnada una ugonjwa wake, nao ni neno "nitaleta". Katika kelele ile mtu anapandisha bei, anachukua ndizi, anaondoka. Awepo karani pembeni ya dalali mwenye daftari la kolamu tano: kitu, jina, jumuiya, bei, imelipwa au bado. Madeni yasomwe kwa mzee wa jumuiya Jumatano, si madhabahuni Jumapili. Na kiasi kinachotangazwa kiwe kilichopokelewa. Kutangaza ahadi kama mapato ndiko kunakofanya hesabu za mwaka zisioane.

Fedha hizi zinamfikiaje mhitaji? Njia ya kawaida ni hii: mhitaji anamweleza mzee wa jumuiya, mzee anapeleka kwa kamati ya diakonia, parishi woka (mhudumu wa usharika) au mwinjilisti anatembelea nyumba, ripoti inakwenda kwa mchungaji na baraza la wazee. Kwa ada ya shule au kuezeka bati, utaratibu huu unafaa na unazuia upendeleo. Kwa mgonjwa aliye wodini, ni mrefu mno. Baraza linalokutana mara moja kwa mwezi haliwezi kumlipia mtu kipimo cha kesho. Usharika wenye diakonia ya kweli una fungu dogo la dharura ambalo mchungaji na katibu wa diakonia wanaweza kulitoa kwa saini mbili na kutoa taarifa baadaye, likiwa na ukomo uliopitishwa na baraza. Uliza kama lipo kabla ya kujaza mstari wa diakonia. Jibu lake litakueleza mengi.

Malipo yaende moja kwa moja. Hospitali ya serikali hutoa kumbukumbu namba ya malipo kwa kila mgonjwa, na usharika unaweza kuilipia bila fedha kupita mkononi mwa mtu yeyote. Shule ina akaunti yake. Fedha taslimu zibaki kwa nauli na chakula.

Vifurushi vya chakula vinahitaji macho zaidi ya vinavyopewa. Unga kilo 10, mchele kilo 5, maharage kilo 3, mafuta lita 2, sukari kilo 2, mche wa sabuni: kwa karatasi ni kifurushi kizuri. Bibi anayeishi peke yake atayapikaje maharage ya saa mbili jikoni bila mkaa? Ongeza debe la mkaa, punguza maharage, weka dagaa. Mwenye kisukari apewe mchele kidogo na asipewe sukari kabisa, jambo ambalo aliyetembelea nyumba angelijua kama fomu ingekuwa na mahali pa kuliandika. Na zile picha za mzee ameshika mfuko wa unga mbele ya bango la usharika, kwa kweli ziachwe. Mathayo 6, unaokataza kutoa ili kuonekana na watu, hausomwi kwa watoaji wa bahasha peke yao.

Sasa maombi. Yana milango mingi: sala ya kanisa ya Jumapili, maombezi baada ya ibada, ibada za alfajiri, jumuiya za nyumba kwa nyumba, na kumtembelea mgonjwa kama anavyoagiza Yakobo 5:14. Mlango wa mwisho ndio bora kuliko yote ukifanywa sawasawa. Waende wawili, watatu wakizidi sana, na akiwa mgonjwa mwanamke, mmoja awe mwanamke. Waketi, wasisimame wakimwinamia mgonjwa kitandani. Waulize kwanza, "Tukuombee nini, mama?" maana jibu mara nyingi si ugonjwa, ni mtoto asiyepiga simu. Neno fupi, sala fupi kwa sauti ya kawaida, mikono isiwekwe bila ruhusa. Dakika ishirini zinatosha. Jumuiya nzima ya watu tisa ikiingia chumba kimoja na kuimba beti nne, mgonjwa anatabasamu kwa adabu huku anatamani kwenda msalani.

Mwombaji asiguse dawa. Asiseme "ukiamini, acha vidonge", wala asinyamaze mgonjwa akiuliza kama aache. Kumbukumbu ya mwaka 2011 bado ni mbichi: maelfu walipanga foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, kwa shilingi 500, cha Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, na wapo walioondoka vitandani hospitalini kwenda huko. Kwa mtu wa ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI), kisukari au kifua kikuu, jibu la mwombaji ni moja: tunaomba, na dawa unaendelea nayo, na kliniki usikose.

Udhaifu mkubwa uko kwenye siri. Mchungaji amefungwa na siri ya maungamo. Mwombaji wa kawaida hajala kiapo hicho, na mahitaji mengi hupitia kwake. Karatasi inasomwa madhabahuni kwa jina kamili na jina la ugonjwa, au inapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la waombaji 60. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kanisa halikuachwa nje ya sheria. Lakini hata isingekuwepo, mtu aliyesikia hitaji lake likisimuliwa kwenye foleni ya maji hataandika tena.

Na hapo tunarudi kwenye mstari ule mfupi. Elfu tano iliyoingia kikapuni inahesabiwa na watatu, inaandikwa, inatangazwa, inapelekwa benki, inakaguliwa. Hitaji lililoandikwa kwenye bahasha hiyo hiyo mara nyingi huishia kwenye boksi la bahasha zilizofunguliwa, likisubiri mkaguzi wa hesabu. Hakuna aliyekula njama. Anayefungua bahasha ametumwa kuhesabu fedha, na hilo ndilo alilofanya.

Marekebisho ni madogo. Hitaji lichapwe kwenye kipande cha kukata, chenye visanduku vitatu vya kuweka alama: lisomwe kanisani, liombewe na kikundi bila jina, mchungaji pekee. Wakati wa kuhesabu, vipande vikatwe bila kusomwa na kuwekwa kwenye bahasha moja iliyofungwa, ipelekwe kwa mchungaji siku hiyo. Yeye au parishi woka aviandike kwenye daftari linalofungiwa kabatini: tarehe, namba ya msharika, aina ya hitaji kwa neno moja, aliyekabidhiwa, na tarehe ya kurudi kuuliza, isizidi siku 14. Hitaji likiwa la njaa au ada, lipelekwe diakonia wiki hiyo hiyo.

Mpaka usharika wako ufike hapo, usiandike hitaji la siri kwenye bahasha. Andika kwenye karatasi yako, juu yake "isisomwe", namba yako ya simu chini, ikunje, umpe mchungaji mkononi mlangoni anaposalimia watu.